Ramani ya simu: kwenye gari inanyooka, nikishuka kutembea inanizungusha

Mpeleka_Vifaa ameuliza:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaozijua ramani za simu kwa undani.

Kazi ni kupeleka vifaa vya umeme wa jua kwa wateja wa Arusha na Moshi. Sehemu kubwa ya safari ni gari, mwisho ni miguu, kwa sababu nyumba nyingi hazifikiki kwa gari. Simu ni Android ya bei ya kati, toleo la 2021, na programu zote nimeziruhusu kuona lokesheni kamili, siyo ya kukadiria. Nikiwa kwenye gari sina lawama: kutoka Njiro hadi Usa River, au moja kwa moja hadi Moshi mjini, kidoti cha bluu kinakaa juu ya barabara kama kimegundishwa. Nikishuka tu, mambo manne yanajitokeza.

Mshale unaelekea nyuma wakati mimi naenda mbele, hasa nikiwa nimesimama. Kidoti kinaruka kwenye vichochoro vya mtaa wa Unga Limited, Arusha, mara kiko nyumba hii, mara kiko ng'ambo ya mtaro. Kule Kibosho na Uru, kwenye miteremko juu ya Moshi, nyumba ya mteja naiona kwa macho ng'ambo ya korongo, ramani inasema kilomita 9. Na bando likikata, njia ya gari inaendelea kuonekana ila njia ya miguu inakataa, ingawa ramani ya Google ya eneo lote nimeshaipakua.

Je, simu ni mbovu, ni mpangilio, au ramani hizi hazikutengenezwa kwa mtembea kwa miguu? Na GPS yenyewe inakula bando?

---

Fundi_Dira amejibu:

Mkuu, simu yako ni nzima. Ukiwa kwenye gari programu inayafunika makosa ya kipokezi, na ukishuka inashindwa kuendelea kuyafunika. Ukilielewa hilo, matatizo yako mawili ya kwanza yanapata maelezo.

Kipokezi cha simu, mahali pa wazi, kwa kawaida hukosea kama mita 5. Kosa hilo halibadiliki uwe umekaa kwenye Noah au unatembea. Tofauti ni kwamba programu ikiwa kwenye hali ya gari inajua gari haliwezi kuwa juu ya paa la duka. Inachukua kipimo na kukisogeza hadi kwenye mstari wa barabara ulio karibu, ndiyo maana kidoti kinaonekana kimegundishwa. Mtu wa miguu anaweza kuwa popote: uani, uwanjani, kichochoroni, kwenye ngazi. Hakuna mstari wa kumvutia, kwa hiyo unaonyeshwa kipimo karibu kama kilivyo, na kuruka kwake kote.

Mshale nao una hesabu yake. Gari la kilomita 60 kwa saa husogea karibu mita 17 kila sekunde. Kosa la mita chache halitoshi kuugeuza mwelekeo, kwa hiyo simu inasoma mwelekeo kutokana na mwendo wenyewe. Anayetembea kilomita 5 kwa saa husogea mita 1.4 tu kwa sekunde. Kosa ni kubwa kuliko hatua zake! Simu haina la kufanya ila kutumia dira yake ya ndani, yaani kihisi cha sumaku, na kihisi hicho hudanganywa na kila chuma kilicho karibu.

Kwa hiyo ukishuka kwenye gari, sogea hatua kumi hivi mbali na bodi, usisimame kwenye geti la chuma wala chini ya kibanda cha mabati, kisha zungusha simu hewani kwa umbo la namba nane mara tatu au nne, ukiigeuza pia upande upande. Kama kava lina kifungo cha sumaku, au umebandika bamba la chuma la kushikia simu kwenye gari, toa. Hilo bamba ndilo linaloharibu dira za watu wengi na hawalifikirii, kwa sababu kwenye gari halileti shida yoyote. Angalia pia ule mwanga unaotoka kwenye kidoti kama tochi: ukiwa mpana dira haina uhakika, ukiwa mwembamba unaweza kuuamini.

Ikigoma kabisa, usiutazame mshale. Tembea mita 20 kwa mstari mnyoofu mahali pa wazi na uangalie kidoti kimehamia wapi.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa huku tumebarikiwa nalo. Funga ramani isizunguke, kaskazini iwe juu. Kwenye Google gusa alama ya dira ikitokea. Kutoka Moshi mjini, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, iko kaskazini karibu kabisa. Kutoka katikati ya Arusha, mlima Meru uko kaskazini ukiegemea mashariki kidogo. Ukiwa Tengeru au Usa River, Meru umeshahamia kaskazini magharibi. Mlima ukifunikwa na mawingu, mteremko unabaki: kwenye vijiji vya kusini mwa Kilimanjaro kupanda ni kaskazini, kushuka ni kusini, na mito inafuata hivyo hivyo. Ramani iliyofungwa kaskazini na mlima mbele yako haihitaji sumaku ya simu.

Kuhusu kuruka vichochoroni. Ishara inagonga ukuta au bati kabla ya kufika kwenye simu, inachelewa, na simu inadhani satelaiti iko mbali kuliko ilivyo. Migomba na miti iliyoloa nayo huipunguza nguvu. Duara la bluu hafifu linalozunguka kidoti ndilo kipimo cha shaka. Kwenye Android maana yake ni kwamba kuna uwezekano wa asilimia 68 uko ndani yake. Yaani karibu mara moja katika kila tatu uko nje ya duara. Usigonge mlango wa mtu kwa kuliamini duara la mita 15.

Ukitaka kupima simu, weka programu ya GPSTest, ni ya bure. Simama uwanjani dakika mbili. Tazama safu ya nguvu ya ishara: satelaiti zenye 35 kwenda juu ni nzuri, chini ya 25 ni dhaifu. Ukiona satelaiti kadhaa za GPS ya Marekani, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China kwa pamoja, uko vizuri. Tazama pia kama kuna L5 au E5a, yaani masafa ya pili ya satelaiti. Simu zinazopokea masafa mawili, ambazo zilianza kuuzwa 2018, huvumilia kuta vizuri zaidi. Simu ya bei ya kati ya 2021 mara nyingi ina L1, masafa ya kawaida, peke yake.

Bando: GPS haili hata shilingi. Simu inasikiliza tu. Satelaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu, na simu yako haitumi chochote kwenda huko. Kinacholiwa ni picha za ramani, hali ya foleni, na taarifa ndogo ya mahali satelaiti zilipo ambayo simu huichukua mtandaoni ili ipate jibu haraka. Bila mtandao taarifa hiyo huisikiliza kutoka kwenye satelaiti yenyewe, sekunde 30 mfululizo kwa kila moja, na ikikatizwa katikati hurudia. Ndiyo maana ukiwasha simu isiyo na bando huku unatembea chini ya migomba inaweza kuchukua dakika nyingi. Simama pa wazi dakika moja au mbili kwanza. Ikishapata, taarifa hiyo hudumu saa chache.

---

Kihamba_Juu amejibu:

Naongezea hapo kwa Kibosho na Uru, kwa sababu ndipo gari na miguu vinapotengana kabisa, na ndipo watu wanapopoteza nusu siku.

Angalia ramani ya upande ule. Mito kama Kikafu, Weruweru na Karanga inateremka kutoka mlimani kwenda kusini, na kila mto umechimba korongo lake. Barabara zimejengwa juu ya migongo katikati ya makorongo, zinapanda na kushuka pamoja nayo. Za kukatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni chache. Kwa hiyo nyumba iliyo mita 600 kwa macho inaweza kuwa kilomita 9 kwa gari: unashuka hadi kwenye kiungo, unavuka, unapanda tena. Ramani haijakosea. Kwa gari ndivyo ilivyo.

Kwa miguu kuna njia za vihamba, yaani za katikati ya mashamba ya nyumbani ya Wachaga, zinazoshuka korongoni, zinavuka kwa daraja la magogo au mawe, na kupanda ng'ambo. Tatizo ni kwamba nyingi hazimo kwenye Google. Mpangaji wa njia hawezi kukupitisha mahali asipopajua, basi anakurudisha kwenye barabara ya gari na kuiita njia ya miguu. Hapo ndipo kilomita 9 zako zilipotoka.

Weka Organic Maps au OsmAnd. Zote zinatumia ramani ya OpenStreetMap, ambayo watu wanaichora wenyewe, na kwenye miteremko ya Kilimanjaro njia nyingi za miguu zimechorwa kama mistari ya vidoti au ya kukatika-katika. Siyo zote, lakini ni nyingi kuliko utakavyoona kwenye Google. Pakua ramani ukiwa na Wi-Fi. Baada ya hapo njia ya miguu inapangwa ndani ya simu yenyewe, bando liwepo lisiwepo.

Na hilo linajibu swali lako la nne. Ramani ya Google iliyopakuliwa hutoa maelekezo ya gari peke yake. Ya miguu, ya baiskeli na ya usafiri wa umma yanahitaji mtandao. Hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo, usipoteze muda kuutafuta. Ukilazimika kubaki na Google, panga njia ya miguu ukiwa bado na mtandao mjini, ikuze sehemu ya mwisho, piga picha ya skrini mbili au tatu. Kidoti kitaendelea kuonekana juu ya ramani iliyopakuliwa, na njia utaisoma kwenye picha.

Sasa mambo ambayo hakuna programu itakayokwambia. Mstari wa vidoti unaovuka mto hausemi daraja limebaki au limechukuliwa na maji. Kuanzia Machi hadi Mei, na tena mvua za vuli, uliza mtu kabla ya kushuka na mzigo. Njia za vihamba pia hupita uani kwa watu. Piga hodi, salimia, sema unaenda kwa nani. Mzee wa boma hilo atakuonyesha mkato ambao haumo kwenye ramani yoyote, na atakwambia kama mbwa amefungwa.

Muda nao. Programu ikikupa dakika 36 kwa kilomita 3, imehesabu kilomita 5 kwa saa kwenye tambarare. Kuna kanuni ya zamani ya Naismith, ya 1892, ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 3 zenye kupanda mita 300 ni dakika 36 na 30, jumla dakika 66, na hapo hujabeba paneli wala betri. Kuvuka korongo moja unashuka na kupanda, kwa hiyo hesabu mipando yote, siyo tofauti ya urefu kati ya mwanzo na mwisho. OsmAnd inaonyesha mchoro wa mwinuko wa njia nzima ukiwa umepakua data ya miinuko. Utazame kabla hujaamua kama unashuka na betri ya kilo 30 au unazunguka na gari hizo kilomita 9. Kwa betri nzito jibu mara nyingi ni gari, na sioni aibu yoyote kuzunguka.

---

Kona_ya_Himo amejibu:

Wenzangu wamesema ya miguu. Naomba niseme ya gari, maana mkuu amesema hana lawama, na mimi naona zipo, ila bado hazijamkuta.

Moja, ukiwa nje ya mtandao Google haina taarifa ya foleni wala njia mbadala. Itakupitisha katikati ya Arusha saa kumi na moja jioni kwa kuwa ni karibu zaidi. Ukitoka Ngaramtoni kwenda Usa River bila shughuli mjini, weka kituo cha katikati kwenye baipasi, ile ya kilomita 42.4, ili uilazimishe. Vivyo hivyo ukienda Marangu kutoka Moshi: ikikupandisha njia za juu za Kirua au Kilema, weka Himo kama kituo, upate lami hadi Marangu Mtoni. Kituo cha katikati ndiyo usukani wako juu ya programu.

Pili, programu haijui tope. Kwake barabara ya vumbi na ya lami zinatofautiana kwa kasi tu, na mkato wa vumbi wa kilomita 6 unashinda lami ya kilomita 10. Kiangazi ni sawa. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa tambarare za kusini mwa Arusha na Moshi unashika gurudumu hadi ekseli. OsmAnd na Organic Maps zina chaguo la kuepuka barabara zisizo na lami. Liwashe Machi, lizime Juni. Google haina chaguo hilo. Njia pekee ni kukuza ramani kwa picha za satelaiti na kutazama rangi ya barabara kabla ya kuondoka.

Tatu, kule kugundishwa kwa kidoti unakokusifia kuna ubaya wake. Kati ya Sakina na Tengeru barabara ni ya njia mbili zilizotenganishwa, na pembeni kuna vibarabara vya huduma. Ziko karibu kuliko kosa la GPS, kwa hiyo programu inaweza kukugundisha kwenye upande ambao hupo, ikaanza kukwambia ugeuze. Usigeuze. Endelea mita 100 au 200 itajirekebisha, na tazama kibao. Kwenye kipilefti vivyo hivyo: sauti huchelewa sekunde moja au mbili, na kwa mwendo wa kilomita 50 hizo ni mita 14 hadi 28. Hesabu njia za kutokea kabla hujaingia, usisubiri uambiwe "sasa".

Nne, chaji na joto. Simu yenye skrini inayowaka, GPS na mtandao kwa pamoja inakula kuliko chaja dhaifu inavyoleta. Chaja ya gari ya ampea 0.5 au 1 itaonyesha inachaji huku asilimia zinashuka. Tafuta ya ampea 2 au zaidi, na waya mfupi mnene, kwa kuwa waya mwembamba ndio unaopoteza umeme. Usiibandike simu juu ya dashibodi kwenye jua. Apple kwa mfano wanashauri iPhone itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35, na dashibodi iliyofungiwa vioo mchana inapita hapo haraka. Ikizidi, simu inapunguza mwanga, inaacha kuchaji, mwisho inajizima. Ishike mbele ya tundu la hewa ya AC, chini kidogo ya usawa wa macho, isizibe njia ya mfuko wa hewa. Kama kioo cha mbele kina tinti yenye chembe za chuma, ishara ya satelaiti itapungua, isogeze karibu na dirisha la pembeni.

Wa pikipiki: Apple walitoa tahadhari 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zenye kituliza picha. Mfuko wa kifua, sauti kwenye sikio moja, ndiyo salama kwa simu na kwa macho yako. Na chagua njia ya gari hadi kona ya mwisho. Njia ya miguu itakupeleka na pikipiki kwenye ngazi au ubao wa kuvukia mtaro.

---

Mpeleka_Vifaa amejibu:

Asanteni sana wakuu, mmenifungua macho. Nimepima kwa GPSTest uwanjani: satelaiti 27 zinaonekana, 19 zinatumika, nyingi ziko kati ya 33 na 41, hakuna L5. Kava lina sumaku kweli, nimelitoa na mshale umetulia.

Limebaki moja. Mteja akinitumia lokesheni WhatsApp, mara nyingine inaniangusha mtaa wa pili, mita 300 au 400. Kosa la GPS mmesema ni mita 5. Hizo mita 400 zinatoka wapi?

---

Fundi_Dira amejibu:

Zinatoka kwenye haraka. Mtu akiwa ndani ya nyumba, akifungua WhatsApp na kutuma papo hapo, simu yake haijapata satelaiti. Inatuma makadirio ya minara ya simu na Wi-Fi za jirani, na hayo hukosea mamia ya mita. Pale chini ya "Tuma lokesheni yako ya sasa" pameandikwa sahihi hadi mita ngapi. Mwambie mteja atoke nje, asubiri hadi namba ishuke chini ya 10, ndipo atume. Akiona 400 asitume.

Lokesheni mubashara ni nzuri mteja akija kukupokea njiani, ina chaguo la dakika 15, saa 1 na saa 8. Kwa nyumba isiyohama tumieni ya kawaida.

---

Kihamba_Juu amejibu:

Na omba pini mbili. Hii ingefaa kuwa desturi ya kila anayepeleka mzigo huku kwetu. Pini ya kwanza ni mahali gari linapoishia: kona, duka, kanisa, mti mkubwa. Ya pili ni mlangoni. Ukiipa programu ya gari pini ya mlangoni, itatafuta barabara iliyo karibu kwa mstari wa macho, na barabara hiyo inaweza kuwa ng'ambo ya korongo au nyuma ya ukuta usio na mlango. Utaegesha mita 80 kutoka kwa mteja na usiweze kumfikia. Kwa hiyo pini ya kwanza iweke kwenye hali ya gari, ukishaegesha badilisha kuwa ya miguu na uweke ya pili. Arusha mjini kubadilisha huko kuna faida nyingine: hali ya gari inatii barabara za upande mmoja, na wewe wa miguu hazikuhusu.

Mteja asiye na simu ya kisasa, mpigie umuulize alama tatu kwa mpangilio, siyo moja. "Nyuma ya shule" ina pande nne. Na kama ameshawekewa namba ya nyumba kwenye ule mpango wa anwani za makazi wa 2022, uliza jina la barabara na namba. Mita 30 za mwisho namba iliyo mlangoni inashinda GPS yoyote.

---

Kona_ya_Himo amejibu:

Angalieni pia majina. Mnara wa Saa upo Arusha na upo Moshi. Majengo iko miji yote miwili, Kaloleni vilevile. Andika jina la mji kila mara, kisha kabla ya kugusa "Anza" tazama umbali. Uko Moshi mjini na programu inasema kilomita 80 kwenda Kaloleni, hiyo ni ya Arusha.

Wanaotumiana namba za latitudo: sisi tuko kusini mwa ikweta, namba ya kwanza lazima ianze na alama ya kutoa. Arusha ni karibu -3.37, 36.69. Ukisahau hiyo alama unapelekwa kaskazini mwa Kenya, mashariki ya Ziwa Turkana, kilomita kama 750 kutoka hapa. Desimali nne zinatosha kwa gari, ni mita 11 hivi. Kwa mlango andika tano, ni mita 1 na kidogo. Ukizidisha hapo unaandika tarakimu ambazo simu haiwezi kuzipima.

---

Fundi_Dira amejibu:

Neno la chaji kwa wa miguu, limesahaulika. Kinachokula zaidi ni skrini, siyo GPS. Ukitembea, funga skrini, acha sauti ikuongoze, ifungue kwenye njia panda tu. Lakini hali ya kuokoa betri kwenye simu nyingi za Android huzima lokesheni skrini ikizimwa, na sauti inakufa katikati ya njia. Nenda kwenye mipangilio ya betri, tafuta programu ya ramani, iruhusu kufanya kazi bila kikomo, na ruhusa ya lokesheni iwe hai hata skrini ikiwa imefungwa. Pawabenki iliyoandikwa 10,000 mAh itajaza simu ya 5,000 mAh mara moja na nusu hivi, siyo mara mbili, kwa kuwa umeme unapotea ukipandishwa kutoka volti 3.7 hadi 5.

Simu isikae mfuko wa nyuma wa suruali. Mwili una maji mengi na maji yanazuia ishara. Mfuko wa juu wa begi, au wa kifua, sehemu ya juu ikitazama angani.

Na kwa njia za vihamba ambazo hazimo kwenye ramani: ukiwa unaenda kwa mteja mmoja mara kwa mara, washa kurekodi njia kwenye OsmAnd, weka kipimo kila sekunde 3 au 5, tembea kwa mwendo ule ule bila kusimama sana, maana ukisimama kidoti kinatangatanga na kuchora fundo. Rekodi mara mbili, kwenda na kurudi. Faili lake la GPX unaweza kulituma kwa dereva mwingine akalifungua, au kulitumia kuchora njia hiyo kwenye OpenStreetMap kwa kompyuta. Ukichora, iandike kuwa ni njia ya miguu, siyo barabara, na pale kwenye magogo weka alama ya daraja. Ukiiandika barabara, wiki kadhaa zijazo programu ya mtu mwingine itamshusha korongoni na gari.